Hesabu ya Zizini

Masanduku yalikuwa mawili, balaa lilikuwa moja. Yalishuka stesheni ya Itigi wiki moja, yakapandishwa lori moja juu ya magunia ya chumvi, yakafika Sekondari ya Ilongo, ng'ambo ya Kinyangiri, yamekaa bega kwa bega kama majirani wema. Kumbe walioyatuma hawasalimiani.

Moja lilitoka kwa Wajerumani wa Magharibi, la pili kwa Wajerumani wa Mashariki. Serikali yetu changa ilikuwa imekwaruzana na wale wa kwanza kwa sababu ya hao wa pili, na ingawa miaka miwili ilikuwa imepita, kidonda kilikuwa bado kibichi. Isitoshe, Azimio lilikuwa limetangazwa mwaka ule ule, na kila mtu sasa alihubiri kujitegemea, hata wale wavivu wa kijijini ambao tangu wazaliwe walikuwa wakitegemea shemeji zao. Ndipo katikati ya hayo Mwalimu Theodora akaambiwa achague vifaa vya kufundishia Kijerumani.

"Ukichagua hili, tutaitwa vibaraka," alisema Mwalimu Mkuu Melkizedeki, akiligusa sanduku la kwanza kwa ncha ya kiatu. Alikuwa mtu mwema, lakini mwoga kiasi cha kushtushwa na kengele aliyoipiga mwenyewe. "Ukichagua lile, misheni watasema tumegeuka wakomunisti. Na usipochagua, darasa linafungwa."

"Nani amesema linafungwa?"

"Bodi. Jumamosi utafundisha somo la mfano mbele yao, kwa vifaa ulivyochagua wewe. Wakiridhika, Kijerumani kinaendelea. Wasiporidhika, kinakufa, na wewe huna somo lingine hapa. Utapelekwa Manyoni ukafundishe darasa la kwanza." Melkizedeki alifuta jasho. "Na mwenyekiti wa bodi unamjua."

Alimjua sana. Alikuwa baba mkwe wake.

Hapo sharti nieleze, maana asiyejua desturi ya kwetu atadhani kuwa na baba mkwe kwenye bodi ni kuwa na mjomba serikalini. Sivyo hata kidogo. Mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina. Hapiti mbele yake, hali naye sahani moja, hamtazami usoni, na wala hamuulizi swali. Wakiwa na neno la kuambiana, humpitishia mtu wa tatu, hata kama wote watatu wamesimama mlango mmoja. Ubatizo ulikuja ukaondoa mengi, lakini hili haukuligusa. Theodora alikuwa ameishi ng'ambo kwa Wajerumani miaka miwili kwa msaada wa kanisa, akala chakula na maprofesa na kuwabishia waziwazi, lakini siku aliporudi Kinyangiri aliinamisha macho kama bibi yake alivyoyainamisha. Mwaka wa nne sasa katika mji ule, na cha baba mkwe wake alichokifahamu vizuri kilikuwa miguu. Miguu mirefu, mikavu, ndani ya makatambuga ya tairi. Alijifunza kuisoma kama wengine wasomavyo nyuso. Kisigino cha kulia kikipanda na kushuka, mzee ana hasira. Vidole vikitulia, ameridhika.

Jina lake lilikuwa Mzee Antipasi. Mimi naweza kulitaja. Theodora hakuweza, na bahati mbaya darasani kwake kulikuwa na mvulana mwenye jina hilo hilo, kwa hiyo mwaka mzima alimwita "wewe wa dirishani", na mvulana akaitika, akijua sababu, na wenzake wakimcheka.

Mzee Antipasi hakulipenda darasa la Kijerumani. Hakuwahi kusema hivyo. Kila lilipotajwa kikaoni alitamka neno moja tu, "Litazamwe," halafu kisigino chake cha kulia kikaanza kazi. Theodora alidhani ni kiburi cha wazee wasiopenda mwanamke aliyesoma. Jambo hilo lilimuuma. Darasa lile alikuwa amelipigania kwa jino na ukucha, tangu siku za kuambiwa na kila mtu kwamba Kijerumani hakina kazi katika nchi huru, na yeye akijibu kwamba nchi huru ndiyo inayoweza kuchagua lugha za kujifunza bila kuamriwa. Wanafunzi walikuwa wameanza kuongea. Dina, binti wa mfugaji wa Kinyangiri, aliweza kusimulia habari za mvua na njaa kwa lugha ile mpaka Theodora akasahau kumsahihisha. Kuliua darasa lile ilikuwa sawa na kumng'oa mtoto titi mdomoni.

Jioni ile aliyafungua masanduku yote mawili, peke yake.

La Magharibi lilikuwa na gramafoni mpya, santuri, na picha kubwa za rangi za kutundika ukutani. Baba wa Kijerumani akipanda gari lake. Mama akipaka siagi kwenye mkate. Mti wa Krismasi na theluji hadi dirishani. La Mashariki lilikuwa na vitabu vyenye harufu ya gundi, na picha za mafundi waliovaa ovaroli, trekta, na wasichana wenye mashavu mekundu wakivuna viazi huku wakicheka, kama kwamba kuvuna viazi kunachekesha. Ramani nazo zilikuwa zimegombana. Ya kwanza ilichora nchi moja pana, ya pili ikachora nchi mbili kwa rangi mbili. Ukitundika yoyote ukutani umeshachukua upande katika ugomvi wa watu wengine.

Lakini si siasa iliyomkatisha tamaa. Alimfikiria Dina akisimama kutaja jamu na siagi na theluji, vitu ambavyo hajaviona wala hatavigusa, akivikariri kama kasuku. Alifunga masanduku na kurudi nyumbani amekunja uso.

Alipokuwa akikoroga ugali wa uwele, mifugo ikaingia, na hesabu ikaanza.

Hesabu hiyo ilijulikana Kinyangiri nzima. Kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa mdomo. Ukiwahesabu kwa Kinyiramba, mauti yanasikia na kuja kuchukua fungu lao. Watu wengine huwatambua kwa rangi na pembe, wakijua nani hayupo bila kutaja idadi. Mzee Antipasi yeye alihesabu kwa sauti, kila jioni, kwa Kijerumani. "Mauti ya huku hayajui Kijerumani," watu walitania, na mwenyewe hakuwakanusha. Alisimama langoni mwa zizi na fimbo, na kwa kila ng'ombe aliyepita aliigonga nguzo mara moja na kutamka namba. Eins. Gonga. Zwei. Gonga. Drei. Gonga. Akifika ishirini na tano alitia kijiwe kimoja kwenye kibuyu kilichotundikwa langoni, kisha akaanza tena moja.

Theodora alisimama na mwiko hewani. Miaka minne alikuwa ameisikia sauti ile kama mtu asikiavyo jogoo wa jirani. Sasa aliisikia upya. Kijerumani cha kweli, kinachofanya kazi ya kweli, mahali ambapo kila mtoto wa darasa lake alikuwa amewahi kusimama. Si cha Magharibi, si cha Mashariki. Cha Kinyangiri!

"Mama," alimwuliza mama mkwe wake, Marietha, aliyekuwa akichambua mlenda kando ya jiko, "baba alijifunzia wapi Kijerumani?"

"Mambo ya zamani hayo."

"Shuleni?"

"Koroga ugali, mwanangu, unashika chini."

Theodora akakoroga. Mtu mwingine angetoka pale, akaenda langoni na kuuliza. Melkizedeki angeuliza, Afisa Elimu angeuliza, mpita njia yeyote angesalimia shikamoo na kuuliza. Mkamwana hawezi. Na kwa kuwa hakuweza kuuliza, alijijibu mwenyewe, na jibu likampendeza. Alijiambia kuwa mzee alisoma kidogo utotoni, akakipenda Kijerumani, na huenda hata anajivunia siri hiyo. Alijiambia kwamba akilileta zizi darasani atakuwa amempa mzee heshima ambayo mdomo wake umekatazwa kumpa. Siku hizo zilizobaki alifanya kazi kama aliyepagawa.

Watoto walifinyanga ng'ombe wa udongo, kama walivyofanya walipokuwa wachungaji wadogo, madume yenye nundu na majike yenye viwele. Walijenga zizi la vijiti vya miiba juu ya meza. Dina alileta kibuyu na vijiwe. Na kwa kuwa hesabu ya zizini bila mlio wa fimbo haikuwa hesabu ile, Theodora aliwafundisha kugonga dawati kwa rula, wote kwa pamoja, kila namba inapotajwa. Walifanya mazoezi mpaka mwalimu wa jiografia akaja kulalamika.

"Na masanduku?" aliuliza Melkizedeki.

"Nimeyachagua yote mawili yasitumike."

Melkizedeki alikaa chini polepole, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba.

Jumamosi bodi ikafika. Bwana Gasto, Afisa Elimu, alivaa shati la kijani la chama na kucheka hata kabla ya kuchekeshwa. Mchungaji Manase alikaa amekumbatia kofia. Katikati yao alikaa mwenyekiti, na Theodora aliyaona makatambuga yake yakitulia chini ya meza. Vidole vilikuwa shwari. Alishukuru Mungu.

Kufundisha mbele ya baba mkwe ni sarakasi. Hakuweza kumpa mgongo, hakuweza kumwelekea uso. Alisimama ubavuubavu karibu na ukuta kama kaa, akizungumza na wanafunzi na kutazama sakafu, na Melkizedeki akitafsiri maelezo yake kwa bodi, ingawa yalikuwa kwa Kiswahili na bodi ilikuwa ikiyasikia.

Somo likaanza. Dina alimpitisha ng'ombe wa kwanza langoni.

"Eins!" darasa zima. Rula thelathini na ushei zikagonga.

"Zwei!" Zikagonga.

Bwana Gasto aliruka kwenye kiti kwa furaha. "Naam! Hiki ndicho tunachokihubiri! Vifaa vya kwetu wenyewe! Udongo wetu, miti yetu!"

Theodora alitabasamu akitazama chini. Ndipo akaona kisigino cha kulia. Hakikuwa kikipanda na kushuka. Miguu yote miwili ilikuwa imerudishwa nyuma, chini kabisa ya kiti, kama miguu ya mtoto anayejificha. Hakuwahi kuiona ikifanya hivyo. Alitaka kuwasimamisha watoto, lakini darasa lilikuwa limeshashika mwendo, na rula zilikuwa zikiendelea kugonga, na mwalimu hukatisha vipi somo linalosifiwa?

Walifika ishirini na tano. Dina alitia kijiwe kibuyuni, kikalia. Darasa likaanza tena moja.

"Subiri, subiri," Bwana Gasto aliinua mkono. "Mbona ng'ombe bado wapo na ninyi mnarudi mwanzo?"

"Ndivyo wazee wa hapa wanavyohesabu, Bwana," alisema Dina.

"Wazee gani hao wenye Kijerumani?"

Basi Melkizedeki, ambaye maisha yake yote alikuwa amenyamaza mahali pa kusema, alichagua siku ile kusema mahali pa kunyamaza. "Ni mwenyekiti wetu mwenyewe, Bwana! Kila jioni zizini kwake. Kijiji kizima kinajua."

"Mzee!" Bwana Gasto akageuka mzima mzima. "Kumbe tumekaa na mwalimu hapa! Hebu tuonyeshe. Vijana, mpigieni makofi mwenyekiti!"

Watoto wakapiga makofi. Theodora alitaka kusema hapana. Neno lilifika kwenye meno na kukwama, kwa maana kumsemea baba mkwe mbele ya watu lilikuwa jambo asilowahi kuliona hata kwa mwanamke mwendawazimu. Alimtazama Mchungaji, alimtazama Melkizedeki, akitafuta mtu wa tatu wa kumpitishia neno. Wote walikuwa wakipiga makofi.

Makatambuga yakatoka chini ya meza. Yakatembea taratibu mpaka kwenye zizi la miiba.

"Eins," alisema mzee.

Rula zikagonga. Watoto walikuwa wamefundishwa vizuri mno.

"Zwei." Gonga. "Drei." Gonga. Sauti ilikuwa ile ile ya jioni, kavu, ya juu kidogo, na sasa Theodora alisikia kitu ambacho ukuta wa jiko ulikuwa umemficha. Haikuwa sauti ya mtu anayehesabu mali yake. Ilikuwa sauti ya mtu anayeogopa kukosea. Kila namba aliivuta kutoka mbali, akaitua kwa uangalifu, akangoja rula, akavuta nyingine.

Alipofika kumi na saba alikwama. "Sieb—" alisema, akanyamaza. Rula zilibaki hewani. Mtoto mmoja alicheka kidogo.

"Uzee huo!" Bwana Gasto alisema kwa upole. "Endelea tu, Mzee."

Mzee hakuendelea. Alirudi. "Eins," alisema, kwa sauti ya chini, na watoto wakatazamana, kisha wakamfuata, maana walikuwa watiifu. Zwei. Drei. Mara hii hakukwama. Alipita kumi na saba amefumba macho. Rula zikagonga, zikagonga, na Theodora alikuwa amejibana ukutani akitamani zivunjike zote. Tayari alijua. Hakujua ni nini, lakini alijua kwamba amefanya ubaya.

Namba ya ishirini na tano ilipogongwa, mzee alimshika ng'ombe aliyefuata, akamgeuza mkononi, akamrudisha chini.

"Kuna wengine bado," alisema Bwana Gasto, na kicheko chake kilikuwa kimepungua.

"Mimi sina nyingine," alisema mzee. "Fimbo ziliishia hapo."

Aliligeukia darasa.

Alimnyooshea kidole mvulana wa dirishani. "Nilikuwa mkubwa kama huyu. Nilisoma shule ya Wajerumani, kule bomani. Mwalimu alitufundisha hesabu kwa vijiwe, kama hivi, na mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Siku moja nikaitwa uwanjani. Nikamkuta baba amelazwa kifudifudi. Alikataa kubeba mizigo yao wakati wa mavuno. Wakaniambia, wewe unajua, hesabu. Kila fimbo na namba yake, kwa sauti. Ukikosea tunaanza moja."

Alikohoa.

"Nilikosea kumi na saba. Na nilikuwa naijua. Ulimi tu."

Theodora aliinua macho. Hakukusudia, yaliinuka yenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimtazama baba mkwe wake usoni. Ulikuwa uso wa kawaida wa mzee mwembamba, mwenye kovu dogo juu ya nyusi. Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyashughulikia. Macho yao yakakutana. Theodora aliyashusha haraka, na aibu ikamchoma kuanzia kichwani hadi nyayoni.

Mzee alichukua kofia yake, akatoka nje. Walisikia makatambuga yakikanyaga changarawe mpaka yasisikike tena.

"Umeniua, Theodora," alinong'ona Melkizedeki.

Bwana Gasto alisimama, akakaa, akasimama. "Mwenyekiti ndiye mwenye neno la mwisho," alisema hatimaye. "Nitapokea uamuzi wake Jumatatu. Nadhani sote tunaujua." Akaondoka bila kumtazama mtu.

Watoto walikuwa bado wameshika rula. Dina alikuwa analia. Theodora aliwaambia waende nyumbani, kisha akabaki akikusanya ng'ombe wa udongo mmoja mmoja kwenye kikapu, na hakuthubutu kuwahesabu. Manyoni haikumtisha tena. Kilichomtisha ni jioni ile. Angependa kupiga magoti na kuomba msamaha, lakini hata kuomba msamaha kulihitaji mtu wa kumpelekea, na ni nani angeweza kubeba mzigo kama ule?

Alifika nyumbani akamkuta Marietha jikoni. Habari zilikuwa zimeshatangulia, kama kawaida ya habari mbaya.

"Ulijua, mama?"

"Nilijua kidogo. Usiku huwa anaota, anazihesabu." Marietha hakuinua uso. "Nami sikuruhusiwa kukwambia, maana hata mimi hajaniambia. Weka maji motoni."

Akaweka. Jua lilikuwa linazama nyuma ya vichaka. Walisikia kengele za mifugo, kisha vumbi likaingia hadi mlangoni. Theodora alidhani leo hakutakuwa na hesabu. Alidhani mzee atafunga lango tu na kulala, na huenda hatahesabu tena, na kwamba yeye, msomi wa ng'ambo, ndiye atakuwa amemnyang'anya hata hicho.

"Eins," sauti ilisema nje. Fimbo ikagonga nguzo.

Wanawake wawili walisimama wakisikiliza. Hesabu ilikwenda pole pole kuliko siku nyingine. Theodora aliifuata kwa midomo, kila namba, na ilipofika kumi na saba alishika ukingo wa jiko. Ikapita. Ishirini. Ishirini na moja. Fimbo ilikuwa ikigonga kwa udhaifu, kama mtu anayebisha hodi asikotaka kuingia. Ishirini na nne. Ishirini na tano.

Sasa kingefuata kijiwe.

Kijiwe hakikulia. Walisubiri. Ng'ombe mmoja aliyezuiwa langoni aliguna. Marietha alitazama mlango, na Theodora akausogelea ukuta wa upande wa zizi, ukuta wa fito na udongo wenye nyufa za kupitisha moshi. Upande wa pili alisikia mtu akipumua. Mzee alikuwa pale, na kijiwe mkononi, na ng'ombe mbele yake, na hakurudi moja wala hakuendelea.

Hapo Theodora alielewa kuwa anaulizwa. Hakuna swali lililotamkwa, wala mtu wa tatu aliyetumwa, lakini mwalimu yeyote anajua ukimya wa mwanafunzi aliyefika mwisho wa anachokijua.

Aliogopa sana. Kisha akaufungua mdomo.

"Sechsundzwanzig," alisema ukutani. Ishirini na sita.

Marietha alijifunika mdomo kwa kanga.

Theodora alihesabu kwamba amekwisha, kwamba kesho atarudishwa kwao na ng'ombe wa mahari yake wakidaiwa. Kisha sauti kavu, ya juu kidogo, ikasema, ikijikwaakwaa, "Sechs—und—zwanzig."

Fimbo haikugonga. Ng'ombe alipita.

"Siebenundzwanzig," alisema Theodora.

"Siebenundzwanzig." Ng'ombe mwingine.

Ya tatu aliitoa kidogo tu, na mzee akaimalizia. Ya nne hakungoja. Alikuwa ameshaona jinsi zinavyofungwa, moja hadi tisa anazijua, akaifunga mwenyewe na kuipitisha, na Theodora, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, alijikuta akitabasamu kwa tabasamu lile lile analompa Dina. Wa kwanza darasani, mzee alikuwa amesema. Ilikuwa kweli. Kwenye thelathini alisita, akasaidiwa, akasonga mbele hadi ndama wa mwisho. Halafu lango likafungwa.

"Mama Samweli," alimwita mkewe kutoka nje. Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, kwa jina la mwana wao, mume wa Theodora, aliyekuwa karani kule Itigi.

"Abee."

"Mwambie mkwe wako masanduku yale yarudi yalikotoka. Sina ugomvi nayo, ila hatuyajui, nayo hayatujui. Ng'ombe wa udongo wanatosha. Jumatatu nitamwambia Gasto darasa liendelee."

Marietha alimgeukia Theodora, aliyekuwa hatua moja kutoka kwake na aliyekwisha kusikia kila neno, akafungua mdomo ampelekee ujumbe. Sauti ya nje ikaongeza:

"Ila rula zisigonge."

"Baba anasema rula zisigonge," alisema Marietha, kama ilivyo desturi.

"Mwambie hazitagonga."

Marietha aliuelekea ukuta. "Anasema hazitagonga."

Makatambuga yalisogea kidogo, kibuyu kikashushwa kutoka langoni, na wanawake wale wawili wakasikia vijiwe vikimwagwa chini.